Aliyehamisha Kamongo

Wifi yangu hamwamini mtu. Nalisema hili mapema ili baadaye msije mkaniambia nimemsengenya. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na tangu niolewe, mwaka wa kumi na nne huu, hajawahi kunywa chai nyumbani kwangu bila kuinusa kwanza. Akija kututembelea hukaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Ukimwambia amependeza, anakuuliza unataka nini. Marehemu mumewe alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao bibi harusi alimwomba mfungisha ndoa kitambulisho, na wifi hajakanusha hata siku moja.

Kazini wanamwita Bi Chupa. Ndiye mtunzaji wa stoo ya vielelezo katika chuo chetu, idara ya elimu ya wanyama, nami ni karani wa idara hiyo hiyo. Dawati langu linatazamana na mlango wake. Kwa hiyo nyumbani ni wifi, kazini ni wifi, na sina pa kukimbilia.

Stoo yenyewe ni chumba kirefu chenye rafu pande tatu. Dirishani wanaanza samaki, kila mmoja ndani ya chupa yake ya spiriti, wakiongozwa na papa mdogo aliyejikunja. Wanafuata vyura na viluwiluwi vyao, kisha mijusi, nyoka, kobe na fuvu la mamba, kisha ndege, kisha wanyama wanaonyonyesha watoto. Mwisho kabisa, karibu na mlango, kimetundikwa kioo cha kujitazama. Mwanafunzi akipita kutoka dirishani hadi mlangoni ametoka majini hadi nchi kavu, ngazi kwa ngazi, na wa mwisho kumwona ni yeye mwenyewe. Wengi hucheka wakifika pale. Wengine hutengeneza nywele.

Aliyepanga vyote hivyo ni Profesa. Wifi alipoanza kazi pale alikuwa mfagiaji. Siku moja Profesa alimkuta akiongeza spiriti kwenye chupa zilizokuwa zinakauka, bila kutumwa na mtu, kwa sababu tu alimwonea huruma nyoka aliyebaki mgongo nje. Profesa hakumgombeza. Alimvutia kiti, akaanza kumfundisha majina. Akamfundisha kwamba lebo huandikwa kwa penseli na kutumbukizwa ndani ya chupa, maana wino huyeyuka. Kwamba kizibo cha kioo hupakwa mafuta ya mgando kisipitishe hewa. Kwamba chupa ikitoka mahali pake imepotea, hata kama iko mbele ya macho yako. Mwaka uliofuata akamfanya mtunzaji.

"Aliniokota," wifi husema, na hakuna jambo jingine analolisema kwa sauti ile.

Profesa alistaafu miaka sita iliyopita. Siku ya kuagwa alimkabidhi wifi ufunguo mbele ya watu wote, na wifi, ambaye hata msibani macho yake huwa makavu, alilia mpaka akaazima leso. Tangu siku hiyo ufunguo anauvaa shingoni kwa uzi, chini ya nguo. Profesa naye aliendelea kuja chuoni kusoma magazeti maktaba, na wote tulimwamkia kwa heshima zake.

Basi, Jumatatu moja wifi aliingia kuhesabu chupa zake, akatoka baada ya dakika tano uso umemsawijika.

"Wifi, nani ameingia stoo?"

"Ufunguo si unao wewe?"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Alinikazia macho mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe. Kumbe kamongo amehama. Kamongo ni yule samaki mrefu mwenye mapezi membamba kama nyuzi, ambaye pamoja na kuwa samaki ana mapafu. Bwawa likikauka hujichimbia kwenye tope, akalala humo akivuta hewa hadi mvua zirudi. Kwa mpango wa Profesa alikuwa wa mwisho kwenye rafu ya samaki. Sasa alikuwa amekaa katikati ya vyura, lebo imetazama mbele vizuri, utadhani amezaliwa hapo.

Wifi alimrudisha. Wiki iliyofuata kamongo alikuwa tena kwa vyura, na fuvu la pomboo, lililokaa miaka yote karibu na nguva, limesogezwa hadi kwa fuvu la kiboko.

Hapo wifi alimpata mtu wake. Mwaka huo tulikuwa tumeletewa mwalimu kijana ambaye wanafunzi walimbatiza Mti, kwa sababu kila somo lake alilianza kwa kuchora mti ubaoni. Alikuwa akisema kwamba viumbe hawakupanda ngazi, wametawanyika kama matawi, na kwamba stoo ingepaswa kupangwa upya. Alikuja kuomba ufunguo mara tatu. Mara ya kwanza wifi alimwambia alete barua. Akaleta. Mara ya pili akamwambia barua haina mhuri. Mara ya tatu alimtazama tu, na kijana wa watu akakumbuka ana kipindi.

"Amechonga ufunguo," wifi aliniambia. "Angalia vidole vyake. Vile si vidole vya mwalimu."

Nilivitazama. Vilikuwa na chaki.

Mkuu wa idara naye jasho lilianza kumtoka. Mwisho wa mwezi kulikuwa na sherehe: stoo ingepewa jina la Profesa, kibao kiwekwe mlangoni, wageni waje, na Profesa mwenyewe awapitishe kutoka dirishani hadi kwenye kioo. Alimwita wifi ofisini, mlango ukiwa wazi, nami nikasikia kila neno.

"Bi mkubwa, kabla ya siku ya wageni nataka kujua nani anaingia mle. Nisipojua, ufunguo utaurudisha hapa mezani kwangu, na wewe utahamia stoo ya chaki na karatasi."

Wifi alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Alitoka akiwa ameushika ufunguo kifuani kwa mikono miwili, na usiku ule mume wangu aliniambia dada yake amepiga simu kuuliza kama mimi huzungumza usingizini.

Akaanza mitego. Alifunga unywele wake mlangoni kwa nta ya mshumaa, na kila asubuhi aliukuta mzima. Alinyunyiza unga wa chaki sakafuni ili apate nyayo. Kila asubuhi unga haukuwepo, sakafu inang'aa, na kila asubuhi wifi alizidi kuamini kwamba adui yake ni mjanja wa kutisha. Siku ya nne ndipo nikamwuliza kama binti wa usafi huwa hafagii humo asubuhi, mwenyewe akiwa amemfungulia.

Nilidhani atacheka. Badala yake akasema, "Kwa hiyo ni yeye anayefuta nyayo zake."

Laiti ningeumeza ulimi wangu. Binti wa usafi alikuwa na miezi mitano tu kazini, mpole, mwenye kuuliza maswali. Alikuwa akisimama na fagio lake mbele ya chupa, akisoma lebo kwa midomo. Mwalimu Mti alikuwa akimwamkia kila asubuhi, jambo ambalo walimu wengine hawakulifanya, na kwa wifi hiyo peke yake ilitosha kuwa njama.

Siku ya Ijumaa, saa ya kutoka, wifi alimsimamisha koridoni. "Fungua mkoba."

"Mkoba wangu, mama?"

"Kwani wangu?"

Watu walikuwa wakipita. Binti alifungua. Mlikuwa na kitambaa cha kichwa, nauli iliyokunjwa ndani ya bahasha, na karatasi moja. Wifi aliikunjua. Ulikuwa mti uliochorwa kwa kalamu, na kwenye tawi moja alikaa kamongo, jirani yake chura, na juu zaidi kwenye tawi hilo hilo, mtu.

"Hii ni nini?"

"Nilimwuliza mwalimu kwa nini samaki yule ana mapafu. Akanichorea."

"Mfagiaji!" Wifi aliugeukia umati wetu mdogo. "Mfagiaji anataka mapafu ya samaki ya nini?"

Nilimtazama wifi yangu usoni. Nilitafuta kama kuna sehemu yake yoyote iliyokumbuka fagio lake mwenyewe. Sikuiona. Mkuu wa idara aliitwa, akaitazama karatasi, akamwambia binti akae nyumbani bila malipo mpaka aitwe. Mwalimu Mti alikuja mbio kumtetea, na utetezi wake ukazidi kumchimbia shimo, maana sasa walionekana wawili. Binti aliliegemeza fagio ukutani, akaondoka mkoba ukiwa bado wazi. Nilikasirika, lakini nilikasirika kimyakimya, kama watu wanaotaka kuendelea kulipwa mshahara.

Jumanne nilifika mapema kuliko kawaida. Mlango wa stoo ulikuwa nusu wazi, na ndani nilimwona wifi amelikumbatia fuvu la mamba, akitembea nalo kwa kunyata kutoka rafu ya ndege kwenda rafu ya mijusi.

Tulitazamana.

"Umeona nini?" akauliza.

"Nimeona mamba."

"Hujaona kitu."

Nilielewa mara moja, na yeye alijua kwamba nimeelewa. Binti wa usafi alikuwa kwao tangu Ijumaa. Aliyelihamisha lile fuvu hakuwa yeye. Lakini kusema hivyo ni kumwambia Mkuu kwamba mtu bado anaingia, mtunzaji hajui ni nani, na siku zimebaki tisa. Wifi alichagua ufunguo. Nami nilinyamaza siku mbili nzima, kwa sababu ni wifi yangu, na kwa sababu mimi ni mwoga. Sitatafuta neno zuri zaidi.

Alhamisi Mkuu aliniagiza nichape orodha ya vitu vyote vilivyohamishwa, iambatane na barua ya kumwachisha binti kazi. Nilipofika mwisho nikaongeza mamba. Kabla ya kuipeleka nilimwonyesha mwalimu Mti. Aliisoma mara mbili, akaangua kicheko.

"Dada, huyu si mwizi. Huyu amesoma."

"Kivipi?"

"Kamongo yuko karibu na chura, na karibu na mimi na wewe, kuliko alivyo karibu na perege. Pomboo wahenga wake walikuwa wa nchi kavu, wakarudi majini. Ndugu yake wa karibu aliye hai ni kiboko. Na mamba ni ndugu wa kuku kuliko alivyo ndugu wa mjusi. Hakuna hata kimoja kilichohamishwa ovyo. Kila kimoja kimepelekwa kwao."

"Ni wewe?"

"Ningekuwa mimi ningehamisha vyote siku moja, na ningekosea viwili vitatu kwa haraka. Huyu hana haraka. Anaijua stoo gizani."

Nilimpelekea wifi maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anapaka mafuta kizibo. Aliendelea kukipaka muda mrefu baada ya mafuta kuenea. Miaka yote nimemwona akishuku wauza nyanya, makondakta, madaktari, mume wangu, mimi. Siku ile niliona shaka ikimwingia mahali ambapo haijawahi kukanyaga, naye akajaribu kuifungia mlango, ikashindikana.

"Watu wote hutoka saa ngapi kwenda kula?" akauliza, ingawa alijua.

"Saa sita na nusu."

Akavua uzi shingoni. Alinishika kiganja, akakigeuza, akakitazama kama anayekagua sarafu, kisha akauweka ufunguo. "Nifungie ndani. Kisha ujifiche. Ukichelewa kurudi nitajua umeniuza."

Nikamfungia. Nikajibanza chumba cha kuhifadhia mafaili, mlango nimeuacha upenyo wa kidole. Koridoni hapakuwa na mtu. Saa saba kasoro robo nilisikia viatu vinavyotembea bila woga. Profesa alikuja, suti yake ya kijivu, gazeti kwapani. Alifungua kasha la miwani, akatoa ufunguo, akaingia. Nilihesabu hadi ishirini, nikamfuata.

Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya rafu. Profesa alikuwa amesimama mbele yake na gamba la kobe mikononi, akitaka kulipeleka upande wa mamba na ndege.

"Zilikuwa mbili," wifi alisema. "Mwalimu, funguo zilikuwa mbili. Uliniacha nilie kwa moja."

Profesa aliliweka gamba chini taratibu. "Nilikuwa nakaribia kumaliza. Kobe huyu, na vitu vichache tu. Kabla ya wageni."

"Si ungeniambia mimi? Si ningekusaidia kubeba?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimewafundisha ngazi miaka thelathini na ngazi haipo?" Alikaa kwenye ukingo wa meza, akaonekana mzee kuliko alipoingia. "Nilijua kabla sijastaafu. Nilisoma, nikajua, nikaendelea, kwa sababu notisi zilishachapwa na kila mtu alishazoea. Sasa wanataka kuliandika jina langu mlangoni. Nikaona afadhali nirekebishe polepole, pasiwe na maneno. Nani angetambua?"

"Binti amesimamishwa kazi."

"Binti gani?"

"Anayefagia humu. Barua yake ya kuachishwa imeshachapwa, iko kwa wifi yangu."

Profesa alinigeukia, akaona kwamba nipo, akarudisha macho kwake. Alifikiri. Nilimwona akifikiri. "Atapata kazi nyingine," alisema. "Bado ana umri. Mimi hili ndilo jina langu. Nakuomba usiseme. Kwa yale niliyokufanyia."

Nilitamani asingeyasema yale. Wifi alisimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama Profesa kwa lile jicho lake la kutazamia watu wengine wote.

"Nimemshuku huyu wifi yangu," alisema. "Nimemshuku yule mwalimu kijana mpaka vidole vyake. Mtoto wa watu nimempekua mkoba koridoni, watu wakitazama. Wewe peke yako sikukushuku." Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Akapewa.

"Sasa twende kwa Mkuu. Ukisema mwenyewe nitasimama pembeni. Usiposema, nitasema mimi."

Profesa alisema mwenyewe, lazima nimpe haki yake, ingawa aliyaita marekebisho madogo. Kisha wifi, bila kuulizwa na mtu yeyote, akaeleza habari za mamba wa Jumanne: kwamba alijua binti hana kosa, akalirudisha fuvu, akanyamaza siku mbili ili ufunguo usimponyoke. Aliziweka funguo zote mbili mezani. Mkuu alimgombeza nusu saa, sauti ikifika mpaka kwangu, halafu akamrudishia moja, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyejua chupa ipi inavuja. Sherehe ilisogezwa mbele. Mwalimu Mti na wifi walipanga stoo upya wiki nzima, wakibishana kila rafu, na Profesa hakuonekana tena maktaba.

Jumamosi ya wiki hiyo tulikwenda, wifi na mimi, hadi chumba anachopanga binti. Wifi alivaa nguo yake ya harusini na msibani. Aliomba radhi akiwa amesimama, maneno yote, hakupunguza. Binti alimsikiliza akikunja nguo zilizokauka, akatukaribisha viti, akatupa maji. Wifi aliyanywa bila kuyanusa.

"Nimesikia, mama. Jumatatu nitakuja."

Njiani wifi alikuwa mwepesi, akaniambia mipango. Ana miaka miwili. Atamfundisha binti majina yote, lebo, spiriti, mafuta ya vizibo, na siku ya kustaafu atamvika ufunguo kwa mkono wake. Nilifurahi naye.

Jumatatu binti alifika saa yake, akalichukua fagio, akasimama kizingitini mwa stoo, hakuingia.

"Pita mwanangu, fagia," wifi akamwambia kutoka mezani. "Mimi naandika lebo."

"Njoo usimame, mama. Sifagii peke yangu."

"Nimekuambia nakuamini."

"Najua, mama. Njoo usimame."

Wifi akaacha penseli, akaenda akasimama. Binti alifagia kutoka dirishani hadi mlangoni, hakuinua macho kwenye rafu hata mara moja. Alipomaliza akalinyoosha beleshi la takataka mbele ya wifi, alione.

"Na kobe je?" wifi akasema, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sikujua kwamba anayo. "Hukuona tumemhamishia wapi? Uliza kwa nini. Ukiuliza nitakuambia."

"Sijaona, mama. Mimi nafagia tu."

Ni mwezi wa nane sasa tangu arudi. Kila asubuhi namwona wifi yangu, kutoka dawatini kwangu, amesimama mlangoni akimtazama mtu anayefagia, na kila asubuhi anamwuliza jambo moja kuhusu mnyama mmoja, na kila asubuhi anajibiwa hivyo hivyo.